Eneo la Wazi Linapogeuzwa Viwanja: Haki za Wakazi na Tahadhari kwa Mnunuzi

Ardhi iliyo wazi hudhaniwa kwa urahisi kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Uwanja ambao watoto huchezea mpira, kichaka kinachoizunguka chemchemi, malisho ya mbuzi, msitu wa matambiko au mteremko uliofunikwa na miti, yote haya hayana uzio wala nyumba. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye tamaa au kiongozi mwenye haraka huweza kuyaita "maeneo matupu" na kuanza kuyagawa viwanja. Sheria za Tanzania hazikubaliani na mtazamo huo. Eneo la wazi lina mwenyewe, naye ni jumuiya ya watu wa mahali hapo.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya wasomaji wawili. Wa kwanza ni mkazi anayeamka na kukuta vigingi vya upimaji vimepigwa katika eneo ambalo kijiji kizima hulitumia. Wa pili ni mnunuzi, mara nyingi mtu mwenye akiba ndogo iliyokusanywa kwa miaka mingi, anayeuziwa moja ya viwanja hivyo. Tumewaweka pamoja kwa makusudi. Kiwanja kinachomegwa kutoka katika ardhi ya jumuiya kinyume cha sheria humnyang'anya mkazi haki yake na humpotezea mnunuzi fedha zake. Wote wawili hulindwa na swali moja: ni mkutano gani uliokubali jambo hili, na muhtasari wake uko wapi?

Mkuyuni na thamani ya ardhi iliyo wazi

Tuchukue Mkuyuni kuwa mahali pa kutolea mfano. Kata hii imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, kwenye vilima vya mashariki mwa Milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Bigwa kuelekea Matombo na Kisaki. Jina lake lenyewe linatokana na mti, yaani mkuyu, ambao hupenda kuota karibu na maji. Maji ya mteremko huu wa mashariki huingia katika mto Ruvu, na mto huo ndio unaotegemewa kwa sehemu kubwa na wakazi wa Dar es Salaam na wa Mkoa wa Pwani. Kwa hiyo kichaka kinachokatwa juu ya chemchemi ya kijiji si hasara ya kijiji hicho peke yake.

Misitu ya sehemu za juu za Uluguru inalindwa na Sheria ya Misitu. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000. Huko mpaka unajulikana na msimamizi yupo. Lakini chini ya mpaka wa hifadhi ipo ardhi ya vijiji, yenye maeneo madogo ya kijani ambayo hayakutangazwa katika Gazeti la Serikali. Udogo wa eneo haupunguzi thamani yake. Msitu wa Kimboza, ulio katika wilaya hiyohiyo, una ukubwa wa takriban hekta 400 tu. Hata hivyo ni miongoni mwa misitu michache duniani anakoishi porini mjusi mdogo wa rangi ya buluu ambaye biashara yake ya kimataifa sasa imepigwa marufuku.

Mji unapopanuka na usafiri unapokuwa rahisi, ardhi ya kandokando ya barabara hupanda bei. Hapo ndipo eneo la wazi huanza kuonekana kuwa fedha iliyolala. Ulinzi wake hutegemea zaidi maamuzi ambayo wanakijiji wenyewe waliyafanya na kuyaandika.

Ardhi ya jumuiya ni ipi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu. La kwanza ni ardhi ya jumuiya, inayotumiwa na wanakijiji wote. La pili ni ardhi inayomilikiwa na mtu mmoja mmoja, familia au kikundi kwa haki ya kimila. La tatu ni ardhi ya akiba, ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye.

Tofauti kati ya mafungu haya ndiyo kiini cha migogoro mingi. Ardhi ya jumuiya haigawiwi kwa mtu binafsi. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza sehemu zipi ziwe ardhi ya jumuiya na kwa matumizi gani, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Baada ya hapo sehemu hizo huandikwa katika daftari la ardhi ya jumuiya, ambalo Halmashauri ya Kijiji ina wajibu wa kulitunza. Uwanja wa michezo au chanzo cha maji kilichoandikwa humo kina ulinzi ulio wazi. Kisichoandikwa hubaki kikitegemea kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu hupingwa kwa urahisi zaidi kuliko maandishi.

Katika Uluguru lipo jambo jingine la kuzingatia. Miongoni mwa Waluguru, ardhi nyingi hushikiliwa na koo, na urithi hufuata upande wa mama. Ardhi ya ukoo si ardhi ya jumuiya ya kijiji, wala ardhi ya kijiji haiwi ya ukoo kwa sababu tu shamba la ukoo limepakana nayo. Kabla ya kupinga ujenzi, wakazi wahakikishe eneo linalogombewa liko katika fungu gani. Pingamizi sahihi lililoelekezwa kwenye ardhi isiyohusika hushindwa siku ya kwanza.

Nani ana mamlaka ya kubadili matumizi?

Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini asimamiaye mali ya watu wengine. Mdhamini hauzi mali aliyokabidhiwa kwa hiari yake. Kwa mujibu wa sheria, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji iliyotangulia. Mwenyekiti wa Kijiji peke yake hana mamlaka hayo. Mtendaji wa Kijiji hana. Wajumbe watatu waliokutana nyumbani kwa mmoja wao hawana.

Mkutano Mkuu wa Kijiji ni mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kila mmoja wao, mwanamke kwa mwanamume, mwenye shamba kubwa na asiye na shamba, ana sauti iliyo sawa. Mwananchi asiyehudhuria mikutano hii asishangae kusikia kwamba jambo limeamuliwa.

Endapo ardhi ya kijiji inatakiwa kuhamishwa ili iwe ardhi ya kawaida, kwa mfano kwa ajili ya mradi mkubwa wa nyumba, mamlaka ya uhamisho ni ya Rais. Hata hapo wanakijiji wana nafasi yao. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha au kukataa uhamisho huo. Mwekezaji anayedai kwamba "kila kitu kimemalizwa wilayani" aombwe kuonyesha uamuzi wa kijiji.

Mahali palipotangazwa kuwa eneo la mipangomiji, Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 hutumika. Huko maeneo ya wazi huonyeshwa katika mchoro wa mipangomiji unaotunzwa na halmashauri ya mji, manispaa au jiji. Mkazi ana haki ya kwenda ofisi ya mipangomiji na kuuliza mchoro unasema nini kuhusu eneo analolijua.

Mipaka iliyowekwa na maumbile

Yako maeneo ambayo hata kijiji kizima kikikubaliana hayafai kujengwa. Sheria ya Ardhi inaruhusu kutangazwa kuwa ardhi hatarishi maeneo yaliyo ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ardhi oevu na miteremko mikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bahari, pale ambapo shughuli hizo zinaweza kuathiri mazingira. Katika eneo la vilima na vijito kama Mkuyuni, kanuni hii peke yake hugusa viwanja vingi.

Sheria hiyohiyo ya mazingira inataka miradi mikubwa, ikiwamo ya ujenzi wa makazi, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Wananchi wanaoathirika husikilizwa katika tathmini hiyo. Mradi unaoanza kusafisha eneo kabla ya kupata cheti unaweza kusimamishwa.

Kwa mnunuzi: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mtu hawezi kuuza asicho nacho. Ikiwa muuzaji hakuwa na haki juu ya ardhi, stakabadhi, mashahidi na picha za makabidhiano havimpi mnunuzi haki hiyo. Mnunuzi wa ardhi ya jumuiya hubaki na madai ya fedha dhidi ya muuzaji, na mara nyingi muuzaji huyo ameshazitumia. Nyumba iliyojengwa inaweza kubomolewa. Kwa hiyo tunashauri mambo yafuatayo.

Nenda kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, uombe kuona daftari. Uliza kama eneo liliwahi kutengwa kuwa ardhi ya jumuiya.

Omba muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji ulioidhinisha ugawaji. Angalia tarehe, idadi ya waliohudhuria na sahihi zao. Barua yenye mhuri wa kijiji bila muhtasari haitoshi.

Ikiwa muuzaji anasema anamiliki kwa kimila, omba hati ya hakimiliki ya kimila, kisha ulinganishe jina, mipaka na majirani. Kumbuka pia kwamba uuzaji wa haki ya kimila, hasa kwa mtu asiye mkazi wa kijiji, unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji.

Ikiwa unaambiwa kiwanja kimepimwa, nenda kwa Afisa Ardhi wa halmashauri ukiwa na namba ya kiwanja na ya ramani ya upimaji. Kwa ardhi yenye hati iliyosajiliwa, fanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati.

Zungumza na majirani, hasa wazee na kina mama wanaochota maji karibu na hapo. Waulize eneo hilo lilikuwa likitumikaje. Bei ya chini kupita kiasi na dalali anayekuharakisha ni sababu za kutosha za kusitisha malipo.

Kwa mkazi: hatua za kupinga ujenzi

Hatua ya kwanza ni kuweka kumbukumbu. Andika tarehe vigingi vilipoonekana, waliovipiga, na matumizi ya eneo tangu zamani. Piga picha za eneo kabla halijabadilishwa.

Hatua ya pili ni kuomba taarifa kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi za umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombeni muhtasari wa mkutano, mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji na daftari la ardhi ya jumuiya. Hifadhini nakala ya barua yenye mhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tatu ni kulifikisha suala katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mikutano hii kwa kawaida hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Jambo likiwa la haraka, wakazi wamwombe Mwenyekiti kwa barua iliyosainiwa na wengi aitishe mkutano wa dharura. Hakikisheni uamuzi unaandikwa na kusomwa kabla watu hawajatawanyika.

Hatua ya nne, endapo kijiji hakisikii, ni kupeleka malalamiko kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya na kwa Mkuu wa Wilaya. Kama chanzo cha maji au mto uko hatarini, nakala ipelekwe NEMC na kwa bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Mkuyuni ni ya Bonde la Wami/Ruvu.

Hatua ya tano ni vyombo vya usuluhishi na sheria. Baraza la Ardhi la Kijiji husuluhisha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo husuluhisha na haliamui tena mashauri ya ardhi. Likishindwa, hutoa uthibitisho unaowezesha shauri kufunguliwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayekusudia kuishtaki Serikali au halmashauri anapaswa kutoa notisi ya siku 90, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Kwa sababu muda huo ni mrefu na matingatinga hayasubiri, ni muhimu kutafuta ushauri mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo.

Yaliyowahi kutokea

Wananchi wa Afrika Mashariki wamewahi kupinga na kufanikiwa. Mwaka 1991 wakazi 750 wa Kunduchi Mtongani, Dar es Salaam, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kutupwa kwa taka za jiji katika eneo lao. Walishinda, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba ramani ya mipango ya jiji ilikuwa imelitenga eneo hilo kwa ajili ya makazi. Shauri hilo lilihusu taka, lakini somo lake linatufaa: mamlaka iliyoandaa mpango nayo inafungwa na mpango huo.

Nchini Kenya, mwaka 1998 iligundulika kwamba sehemu za Msitu wa Karura ulio jijini Nairobi, wenye hekta zipatazo 1,040 na uliohifadhiwa tangu mwaka 1932, zilikuwa zimegawiwa kwa siri kwa kampuni binafsi ili zijengwe nyumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche ya miti mahali palipokatwa. Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa. Wanafunzi, viongozi wa dini na wananchi wengine walijiunga na upinzani huo, na Agosti mwaka huohuo Rais Moi alisimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni msitu ambao wakazi wa jiji huutembelea. Kilichouokoa ni watu wengi kujua kilichokuwa kikifanyika, na kukisema hadharani.

Uluguru nayo ina historia yake. Mwaka 1955 wananchi walipinga mpango wa serikali ya kikoloni uliowalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, na mpango huo ukaachwa baada ya ghasia. Kuhifadhi udongo wa milimani ni jambo jema. Lakini hata jambo jema halisimami likiletwa kwa amri bila kuwasikiliza wenye ardhi.

Pingamizi lenye busara

Tunawasihi wakazi waepuke kung'oa vigingi, kuchoma vifaa au kumtishia mnunuzi. Matendo hayo ni makosa ya jinai, na humpa mvamizi nafasi ya kugeuka mlalamikaji. Mnunuzi mara nyingi amedanganywa kama wao. Akielezwa kwa utulivu huweza kuwa shahidi wao muhimu.

Pia haifai kusahau kwamba watu wanahitaji mahali pa kujenga. Vijana wanaooa, watumishi wanaohamishiwa kijijini na familia zinazokua hawawezi kuambiwa "hapa hapana" bila kuambiwa "pale panafaa". Njia bora ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa kwa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Katika mpango huo kijiji huonyesha mapema eneo la makazi, la mashamba, la malisho, la makaburi, la michezo na la vyanzo vya maji, na kuupitisha katika Mkutano Mkuu. Kijiji chenye mpango huo huwa na jibu tayari siku mwekezaji anapofika.

Kwa hiyo tunamshauri kila mkazi asingoje vigingi. Katika mkutano ujao wa kijiji aulize swali hili: je, uwanja wetu, chemchemi yetu na msitu wetu vimeandikwa katika daftari la ardhi ya jumuiya? Ikiwa vimeandikwa, aombe daftari lionyeshwe. Ikiwa havijaandikwa, apendekeze viandikwe siku hiyohiyo, na muhtasari usainiwe.